Ruhusa ya Mtu Mmoja

Delmas Yocum alivaa shati lake la kanisani siku ya Jumanne, akachana nywele kwa maji, na mkewe Oleta akajua kwamba leo ndiyo siku ya kwenda kuomba ruhusa ya kuwinda. Aliitoa pai ya matufaha makavu kwenye tanuri, akaifunika kwa kitambaa safi, kisha akaketi kitini avute pumzi, maana siku hizi hata kuinama mbele ya tanuri kulimchosha moyo. Delmas alisimama mlangoni na funguo za pikapu mkononi, akingoja bila kumharakisha. Alikuwa amejifunza kungoja.

Katika vilima vile mtu haombi ardhi ya kuwindia kwa simu. Anakwenda mwenyewe, mchana, kabla msimu haujafunguliwa, anasimama uani kwa mwenye shamba, wanazungumza kwanza mvua na ng'ombe, ndipo anasema kilichomleta. Na anaomba upya kila mwaka, hata kama mwaka jana alikubaliwa na mwaka juzi pia. Kwa Bi Imogene Barks, Delmas aliomba hivyo tangu ujana wake, na Bi Imogene alimjibu jibu lilelile kila masika, kwamba ndege si wake, ni wa Mungu, aende tu. Sasa Bi Imogene amezikwa, warithi wameuza, na miti ya mpakani imepakwa mistari ya rangi ya zambarau, ambayo hata mtoto wa huko anajua maana yake: usivuke.

Msitu wa serikali ulikuwepo, lakini kule ni makorongo na mawe matupu, na watu wa mjini wamejaa nyuma ya kila mti. Magoti ya Delmas hayakuweza, na moyo wa Oleta ndiyo kabisa. Shamba la Barks lilikuwa na njia tambarare kando ya kijito. Gari linafika karibu, na mtu anatembea taratibu kama anayekwenda kuteka maji.

Na ilibidi waende wote wawili. Delmas alifanya kazi katika kiwanda cha mbao maisha yake yote, na misumeno ilikuwa imemla masikio. Vile vifaa vidogo vya kuvaa sikioni vilimsaidia mezani, akitazamana na mtu. Msituni vilimletea upepo tu na mkwaruzo wa majani. Na kumwinda bata mzinga dume wa mwituni wakati wa masika ni kazi ya masikio kuliko macho. Unamwita kwa sauti ya jike, naye anakujibu. Usiposikia jibu lake hujui yuko upande gani, hujui kama anakuja au ameshakuona akaondoka. Delmas alikuwa ameacha. Bunduki ililala kabatini mpaka masika yaliyopita, Oleta alipomwambia, kama mtu anayesema atamfungia kifungo cha shati, kwamba yeye atakuwa masikio yake.

Waliketi chini ya mti mmoja shambani kwa Barks, Oleta nyuma kidogo, mkono wake juu ya goti la mumewe. Kidole kimoja, dume ameita na yuko mbali. Kiganja kizima, amekaribia. Akilisukuma goti kushoto, yuko kushoto. Hawakupata ndege. Lakini walikaa vile tangu alfajiri mpaka jua lilipopanda, hawajasema neno na wamezungumza kuliko mwaka mzima, na njiani kurudi Delmas aliimba ndani ya gari, vibaya kama kawaida yake.

Kisha baridi ikaja, na daktari akawaeleza habari za moyo wa Oleta. Aliwaeleza wote wawili, kwa sauti kubwa ili Delmas asikie. Walipotoka nje hawakulitaja tena. Walichotaja ni masika. Kwamba wakipata mahali, watakwenda tena pamoja, mara moja tu. Hawakuwa na ombi jingine mwaka ule.


Shamba lilikuwa limenunuliwa na Kenton Loftis, mtoto wa hapohapo aliyeondoka kijana, akauza matrela huko mbali, akarudi na tumbo na fedha. Nusu ya kaskazini alikuwa amewakodisha watu wa mjini, kundi la madaktari na mawakili ambao hulipia msitu kama wengine wanavyolipia chumba cha hoteli. Ile nusu ya kijito alikuwa bado hajampa mtu. Oleta alikuwa na tumaini moja. Kenton alikula kwa mkono wake miaka yote ya shule, yeye akiwa mpishi wa watoto, na mtoto uliyemwongezea mkate kwa siri huwa hakusahau.

Hakusahau kweli. Alimkumbatia Oleta palepale uani, akaisifu mikate yake ya Ijumaa, akaipokea pai, akaiweka juu ya boneti ya gari lake. Nyuma yake mfanyakazi alikuwa juu ya trekta, injini inanguruma, na Delmas alisimama na kofia mkononi akitazama midomo ya Kenton. Alianza vizuri. Alisema mvua imekuja mapema. Kenton akamwuliza kama kijito kilimfurikia, Delmas akajibu kwamba ndiyo, ng'ombe wamezaa vizuri mwaka huu. Oleta akaingilia haraka, akasema kijito hakikufurika sana, Mungu ashukuriwe. Kenton akamwuliza Delmas kama bado yuko kiwandani. Delmas akacheka kidogo na kutikisa kichwa, kile kicheko chake cha kujisitiri, na Oleta akajibu tena yeye, kwamba alistaafu zamani.

Basi Kenton akampungia mkono mfanyakazi azime injini. Uwanja ukawa kimya. Akamgeukia Delmas akitabasamu, bila ubaya, kama wanaume wanavyotaniana wakiwa na mtu wa kuwasikiliza.

"Mzee Yocum, ulimi umeuacha nyumbani? Au siku hizi Bi Oleta ndiye anayewinda, wewe unambebea kikapu?"

Yule wa kwenye trekta alicheka. Na hilo Delmas alilisikia lote, neno kwa neno, maana injini ilikuwa imezimwa. Shingo ikamwiva nyekundu mpaka chini ya kola ya shati la kanisani.

"Mwanamke hakanyagi msituni kwangu," alisema. "Nawinda peke yangu, nimewinda peke yangu kabla hujazaliwa. Nimekuja kuomba nafasi ya mtu mmoja. Mimi tu."

"Hayo ndiyo maneno," Kenton akasema, na akampa mkono. "Basi ni wewe tu. Mtu mmoja, bunduki moja, upande wa kijito. Kuna kamera langoni, inanitumia picha kwenye simu. Mimi si mtu wa maneno mengi, mzee. Nikiona kichwa cha pili, ruhusa imekwisha, wala sitauliza."

Walishikana mikono, wakatikisa mara moja kwa nguvu, kama inavyofanywa. Oleta alikuwa akitazama pai juu ya boneti. Nzi alishatua kwenye kitambaa.


Walikuwa wameshapita kanisa ndipo Delmas alipopunguza mwendo, akasimamisha gari pembeni ya barabara, chini ya miti iliyoanza kuchanua maua meupe. Alishika usukani kwa mikono miwili, hakumtazama.

"Umesikia nilivyosema," akasema.

"Nimesikia."

"Limenitoka tu, Oleta."

"Najua limekutoka."

Alitaka ageuze gari. Alisema atarudi amweleze yule kijana kwamba ni watu wawili, basi. Oleta alimwuliza atasema wawili kwa sababu gani, baada ya kusema mbele ya mfanyakazi kwamba mwanamke hakanyagi msituni kwake. Na hata kama angepata cha kusema, mtu hawezi kupewa nafasi ya mmoja kwa kushikana mkono, kisha arudi baada ya robo saa kuomba ya wawili. Wale waliokuwa wakichukiwa zaidi kuliko majangili katika vilima vile ni watu wa namna hiyo, wanaopewa kidole wakataka mkono mzima. Habari zao husimuliwa kwa kinyozi na kwenye kituo cha mafuta, na baada ya hapo hakuna lango litakalofunguka.

Jioni alikula kidogo. Alisema hatakwenda. Kama ni kwenda mwenyewe, afadhali bunduki irudi kabatini na mambo yaishe. Oleta aliosha vyombo akimpa mgongo, na alikuwa ameumia, tuseme kweli. Hakuumia kwa sababu ya ruhusa peke yake. Maneno yale ya kwamba mwanamke hakanyagi yalikuwa yamesemwa kwa urahisi mno, kama kitu kilichokuwa tayari mdomoni, wakati masika yaliyopita alikuwa ameketi naye chini ya mti mmoja. Alijua ni aibu iliyosema. Lakini aibu ilikuwa imesema kwa sauti ya mumewe.


Kesho yake alipomaliza kufua alimwambia Delmas anakwenda dukani. Alikwenda kwa Kenton.

Sahani ya pai haifuatwi. Unaiacha, na ikimpendeza Mungu inaletwa mlangoni kwako na kitu ndani yake, hata mayai matatu. Kwenda kuidai ni kama kumwambia mtu kwamba humwamini. Oleta alilijua hilo kuliko wote, lakini hakuwa na kisingizio kingine cha kusimama kwenye kibaraza cha watu siku ya kazi, na alichotaka kusema hakikuweza kusemwa bila kisingizio. Alikuwa ameyapanga maneno njiani. Angemweleza Kenton polepole, kama mama kwa mtoto aliyemlisha, kwamba Delmas hasikii vizuri, kwamba aliyasema yale kwa kuona haya, na kwamba yeye Oleta angeketi tu chini ya mti, bila bunduki, asubuhi moja.

Kenton alimpa kiti. Alimpa na maji, maana alimwona anavyohema kwa ngazi tatu tu. Oleta akanywa, akaweka glasi.

"Kenton mwanangu, habari za Delmas," akaanza.

"Mtu safi sana," Kenton akasema. "Nilimwambia mke wangu jana, yule ndiye mwindaji wa zamani, anakuja na mguu wake, anasema neno moja. Si kama mzee Ballew. Unamfahamu Ballew? Alikuja wiki iliyopita. Masikio yamekufa kabisa, Bi Oleta. Mwaka juzi alikuwa ameketi kichakani anaita, kijana mmoja akamwita kwa sauti ajue ni mtu au ni ndege, hakujibu. Yule kijana akaona kitu kinatikisika, akapiga. Chembe za risasi ziko shingoni mwake mpaka leo. Nilimwambia usoni, nikamwambia mzee, kiziwi mwenye bunduki kwangu haingii. Nina wale wapangaji kule juu. Akipigwa mtu hapa, watu wa bima wananinyang'anya shamba. Kaa nyumbani utazame televisheni."

Alicheka kidogo, kwa huruma. Kisha akamtazama.

"Ulikuwa unasema nini kuhusu mzee?"

Oleta alitazama mikono yake. Alisema amefuata sahani yake, kama haitakuwa taabu.

Kenton aliangalia upande, kama mtu aliyeona kitu cha aibu kwa mkubwa wake, akamwita mkewe. Sherilyn alitoka na sahani imeoshwa, akaomba radhi mara mbili, kwamba wao siku hizi hawali sukari, daktari amekataza, na kuitupa pai aliona dhambi. Mbwa alikuwa amelala chini ya ngazi, amejilamba pua, karibu na bakuli lenye makombo ya ukoko. Oleta alishukuru. Alishuka ngazi moja moja akishika mbao, na nyuma yake akamsikia Sherilyn akiuliza kwa sauti ya chini kama wale wazee wana shida nyumbani, mpaka kufuata sahani. Masikio ya Oleta yalikuwa mazima. Yalisikia kila kitu.


Alimweleza Delmas ilivyokuwa, ila habari ya mbwa aliiacha. Delmas alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma na kile kisanduku cha mwerezi cha kuitia, kifuniko akikipaka chaki ingawa alishasema haendi. Ni kisanduku chembamba, urefu wa kiganja na vidole. Ukisugua kifuniko juu ya ukingo, jike la bata mzinga linazungumza. Alisugua mara moja, akakiweka chini.

"Basi imekwisha," akasema. "Nikisema kweli nafukuzwa kama Ballew. Nisiposema, wewe huingii. Nitamrudishia ruhusa yake."

Oleta aliketi kando yake. Jua lilikuwa linatua nyuma ya banda, na ng'ombe wa jirani walikuwa wanapita. Alisema lile ambalo hawakuwahi kulisema tangu siku ya daktari. Alilisema polepole, kwa sauti ya chini, jinsi neno la namna hiyo linavyostahili kusemwa.

Delmas akamgeukia. "Eh?"

Yako maneno ambayo mtu akijikaza kuyasema mara moja, amemaliza nguvu zake zote. Oleta ilimbidi ayaseme mara ya pili, na mara hii kwa kupaza sauti, kama anayemwita mtu ng'ambo ya kijito.

"Mwaka kesho mimi sitakuwepo, Delmas!"

Ng'ombe mmoja aliinua kichwa. Delmas alimtazama mkewe mdomoni, kana kwamba maneno yalikuwa bado yapo pale na yangeweza kurudishwa ndani. Kisha uso wake ukavunjika, taratibu, kuanzia kidevuni.

Oleta hakumwacha alie. Alimshika mkono, akasogea mpaka alipojua anamsikia. Alisema watu wote wanajua atabaki peke yake, yeye tu ndiye hajajua. Atakwenda dukani peke yake, atakwenda kwa daktari peke yake, atajibu mlango peke yake, na watu watamcheka kama walivyomcheka jana, na hatakuwepo mtu wa kuingilia. Alisema hawezi kulala kwa kuliwaza hilo. "Nenda na ruhusa yako ya mtu mmoja," akasema. "Nenda nikiwa bado hai, nikuone ukienda na nikuone ukirudi. Nionyeshe kwamba unaweza. Nitakaa garini, barabarani. Barabara si ya Kenton."

Delmas alifuta uso kwa kiganja. Kisha akauliza kama atafunga chupa ya kahawa. Oleta akasema atafunga mbili.


Asubuhi ya kufunguliwa msimu ilikuwa tulivu, bila upepo, ukungu umelala juu ya nyasi za kijito. Oleta aliegesha pikapu kwenye majani, ng'ambo ya lango. Delmas alishuka na nguo zake za rangi ya majani, akasukuma mlango wa gari kwa kiuno usilie, akaja upande wa dirisha lake. Alimvuta kola ya koti ikae vizuri shingoni, akaenda. Langoni alipita mbele ya ile kamera ndogo iliyofungwa kwenye mti, akaitazama, akavua kofia, ili mwenye shamba aone ni yeye na ni mmoja. Kisha akashika njia ya kupanda, si ile ya kijito. Alikuwa akielekea juu mgongoni mwa kilima, kwenye mialoni iliyokuwa bado ndani ya upande wa kijito, mahali alipowaua ndege wengi ujanani akiwa na masikio.

Kulipoanza kupambazuka, dume akaita.

Halikuwa juu kilimani. Lilikuwa kwenye mti mkubwa wa gome jeupe kando ya kijito, karibu sana na lango hata Oleta alishtuka akamwaga kahawa mapajani. Sauti ile ya kubwabwajika inayoanza kwa kishindo na kuporomoka kama mawe katika debe. Likaita tena. Likasikika likiruka, mabawa mazito, likatua kwenye nyasi, na ukungu ulipopungua Oleta akaliona, jeusi, mkia umefunguka kama upepeo, kichwa chekundu na cheupe, linajivuta huku na huku kwenye uwanja ambao mtu aliyeketi pembeni mwa kijito angeliona bila kuinua shingo.

Kutoka juu, mbali, kile kisanduku kikazungumza. Delmas aliita vizuri. Aliita kama zamani, laini, bila pupa, na dume likamjibu kabla hajamaliza. Oleta alishika kitasa cha mlango. Delmas akaita tena, likamjibu tena, likatembea hatua chache kuelekea kilimani, likasimama, likaita lenyewe. Mwindaji yeyote aliyesikia majibu yale angeketi chini, amekwisha, anangoja. Lakini kisanduku kilipozungumza tena kilikuwa mbali zaidi. Na mara nyingine, mbali zaidi ya hapo. Delmas alikuwa anatembea. Aliita, akangoja, akasikia kimya, akasogea mbele kutafuta mahali penye ndege, na kila aliposogea dume lilikuwa nyuma yake linamwitikia, linamwitikia, mpaka sauti ya mwerezi ikawa nyembamba kama ya mdudu.

Oleta alifungua mlango. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja chini, na ile kamera ilikuwa inamtazama kutoka mtini. Angeweza kupiga honi, lakini honi ingelifukuza dume, na aliyekusudiwa asingeisikia. Alirudisha mguu ndani. Alipoufunga mlango, dume likaita kwa kile kishindo cha mlango, kama kawaida ya madume hayo kuitikia kila kishindo, na baadaye kidogo bunduki ililia upande wa kaskazini kwa wale wapangaji, likaita na kwa hiyo pia. Oleta aliposikia bunduki alikaa na mkono kifuani, akihesabu mapigo ya moyo wake mbovu, akiomba, mpaka aliposikia tena kile kisanduku, kidogo, upande uleule, kinaendelea kuita.

Jua lilipanda. Mwishowe dume likachoka kuitwa na mtu asiyekuja. Likaanza kudonoa kwenye nyasi kando ya ua, chini kabisa ya lango.


Delmas alishuka kilima jua likiwa juu ya miti. Oleta alimwona tangu mbali. Hakutembea kama mtu aliyeshindwa. Alikuwa ameinua kichwa, anachapua miguu licha ya magoti, na alipokaribia, dume liliyeyuka kwenye vichaka vya kijito bila yeye kuliona. Alipita langoni, akaja upande wa dirisha, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anacheka.

"Nilimsikia," akasema.

Oleta alimtazama.

"Juu kabisa, kwenye mialoni. Nilikuwa nimeshakata tamaa, mara nikamsikia, safi kabisa, kama zamani. Sikuamini mwenyewe. Nikaita, akajibu. Nikaita, akajibu. Tumeongea naye asubuhi nzima, Oleta. Mwishowe akavuka kwenda kwa wale wa mjini, sikuwa na la kufanya, lakini nilimsikia." Alikuwa akimtazama usoni kwa makini, jinsi alivyozoea kutazama midomo ya watu. "Kwa hiyo usinihangaikie. Unaona? Masikio yapo. Nitajimudu. Usikae ukiwaza mambo ya dukani na mambo ya mlango."

Katika miaka yao yote Delmas hakuwahi kujua kusema uongo. Alikuwa ameutunga njiani akishuka, na alikuwa ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa kitu cha kioo.

"Nami nilimsikia," Oleta akasema kwa sauti, ili yamfikie. "Juu kabisa. Hukohuko kwenye mialoni."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia anavyokujibu."

Delmas aliitikia kwa kichwa mara nyingi, hakuweza kuacha. Aliitoa risasi katika bunduki, akainama kuiingiza bunduki kwenye mfuko wake nyuma ya kiti, na hapo ndipo dume lilipoita tena kutoka vichakani, nyuma ya mgongo wake, karibu hata kioo cha dirisha kikatetemeka. Delmas aliendelea kufunga kamba za mfuko. Alikuwa anaeleza jinsi sauti ilivyotokea upande wa kulia, jinsi alivyojibanza kwenye mti, jinsi alivyongoja.

Likaita mara nyingine. Oleta hakugeuza shingo, wala hakupepesa. Alikaza macho kwenye uso wa mumewe.

"Endelea," akamwambia, kwa sauti kubwa. "Halafu ikawaje?"